Fundi Anajibu: Mizani inayokufa kabla ya saa tano

Barua ya kwanza: kutoka Katuba

*Yaya, jambo. Mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi. Nimemwandikia papa mmoja mwenye kinu cha mahindi programu ya kupimia mifuko. Mizani yake ya umeme imefungwa waya mpaka kwenye kompyuta, na kila sekunde inaleta kilo. Papa hataki namba peke yake, anasema wateja wake hawaamini namba, wanaamini mshale. Basi nimemchorea mizani ya duara kama ile ya sokoni, ya kilo 0 mpaka 100, kwa Lazarus, chombo cha kuundia programu kwa lugha ya Pascal. Nilipoona imependeza nikachora na vitufe vyote mwenyewe, vya kijani, vyenye kona za mviringo.*

*Shida ni tatu. Mizani inapepesa kama taa inayotaka kuungua. Mshale ulikuwa unapanda chini na kushuka juu, nikabadilisha alama za kutoa na kujumlisha kwa kubahatisha mpaka ukanyooka, lakini sijui nilifanya nini. Ya tatu ndiyo inaninyima usingizi. Kinu kinafunguliwa saa mbili asubuhi. Tangu papa aweke paneli za sola, kila siku kabla ya saa tano dirisha linageuka jeusi, herufi zinapotea, inabidi kufunga programu na kuifungua upya. Zamani haikuwa hivyo. Je, umeme wa sola unaharibu kompyuta? Aksanti.*

Mdogo wangu, sola haina kosa. Tena usimwambie papa kwamba kosa ni la sola, ataenda kugombana bure na aliyemfungia paneli.

Nimesoma mistari uliyoambatanisha. Ndani ya Paint, ile sehemu ya programu inayochora, mstari wa tatu, unaiomba Windows brashi kwa CreateSolidBrush, unapaka usuli, unaenda zako. Brashi hujairudisha. Windows haigawi brashi, kalamu na fonti. Inaziazima, na kila iliyotoka inaandikwa. Programu moja, kwa kawaida, hairuhusiwi kushika zaidi ya vitu 10,000 vya namna hiyo kwa wakati mmoja. Mizani yako inaleta kilo kila sekunde, kila kilo ikija Paint inaitwa, na kila Paint ikiisha kuna brashi moja imebaki mkononi mwako. Sekunde 10,000 ni saa 2 na dakika 46. Anza kuhesabu kutoka saa mbili asubuhi uone unaangukia wapi. Na kwa kuwa madirisha na fonti za programu yenyewe zimeshachukua sehemu yao, unaanguka mapema kidogo.

Kwa nini zamani haikuwa hivyo? Hapo nilicheka peke yangu mpaka watoto wakaja kuangalia kuna nini. Zamani umeme ulikuwa unakatika, si ndiyo? Unakatika saa tatu, unarudi, unakatika tena saa tano na nusu. Kompyuta inazimika na madeni yote yanafutwa, programu inaamka ikiwa safi kama mtoto. Kumbe kukatika kwa umeme ndiko kulikuwa dawa yako, na wewe ulikuwa unakulaani. Papa aliponunua umeme usiolala, ugonjwa ukapata nafasi ya kukomaa.

Usiniamini kwa maneno. Fungua Gestionnaire des tâches (Task Manager), nenda Détails, bonyeza kulia juu ya majina ya safu, uongeze safu ya Objets GDI, ndiyo hesabu ya brashi, kalamu na fonti zilizoazimwa. Iangalie programu yako. Utaona namba inapanda moja, moja, moja, kama pampu ya mafuta. Wengi wanapotea hapa kwa sababu wanaangalia safu ya memori. Memori haitingishiki, brashi ni kitu kidogo sana. Unaweza kukaa wiki nzima unatafuta mwizi kwenye nyumba ambayo hakuingia.

Dawa ni mstari mmoja: DeleteObject, ukiuweka ndani ya finally ili brashi irudi hata kama katikati kumetokea kosa. Mimi lakini ningefuta hiyo CreateSolidBrush kabisa. Nadhani uliinakili mahali kwenye mfano wa mtu aliyeandika kwa lugha nyingine. Lazarus imekupa Canvas, turubai ya kuchorea, yenye brashi yake na kalamu yake. Weka rangi kwenye Canvas.Brush.Color, paka, na habari za kuazima na kurudisha ziachie Lazarus yenyewe.

Sasa kupepesa. Baba yangu alikuwa mchora mabango Kamalondo. Aliandika kwenye kuta za maduka: chumvi, mafuta, sabuni, na picha ya kila kitu kwa ajili ya asiyesoma. Jina la duka na picha alizipaka kwa rangi ya mafuta, zikae miaka. Bei hakuipaka. Pembeni aliacha kibao cheusi, kipana kama sahani, na mwenye duka alikiandika mwenyewe kwa chaki, maana dola ikipanda asubuhi bei haingoji jioni. Ikibadilika, kinachofutwa ni kibao. Sijaona hata siku moja mtu anapiga chokaa ukuta mzima ili abadilishe bei ya sabuni.

Wewe ndivyo unavyofanya, na unafanya kila sekunde. Windows inafuta kwanza eneo lote kwa rangi ya usuli, halafu wewe unachora duara, halafu vistari 101 vya kilo, halafu namba, halafu mshale. Jicho la mteja linaona kila hatua: jeupe, duara tupu, duara lenye vistari, mshale. Mara moja haisumbui. Ikirudiwa kila sekunde, ndiyo hiyo taa inayotaka kuungua.

Tenganisha ukuta na chaki. Duara, vistari na namba havibadiliki mfuko ukiwekwa. Vinabadilika dirisha likipanuliwa tu. Vichore mara moja kwenye picha ya pembeni isiyoonekana, TBitmap moja, uliyoiunda kidude chako cha mizani kinapozaliwa na unayoiachia kwa Free kidude kinapokufa. (Usiiunde ndani ya Paint! Utarudi kwangu mwezi ujao na barua ileile.) Kila sekunde unamwaga picha hiyo kwenye picha ya pili, unachora mshale juu yake, na picha ya pili ikiwa kamili ndipo inatua kwenye skrini kwa pigo moja. Hiyo picha ya pili Lazarus inakutengenezea yenyewe ukiweka DoubleBuffered kuwa True. Ongeza csOpaque kwenye ControlStyle, ndiyo kusema: "Usinifutie, eneo langu lote nalijaza mwenyewe." Halafu ulijaze kweli, hata zile kona nne nje ya duara. Ukizisahau, zitabaki na takataka za dirisha lililopita.

Jambo jingine nimeliona: kilo ikifika, unaita Paint kwa mkono wako. Acha hiyo tabia. Andika kilo mpya kwenye kigeu, uite Invalidate, basi. Invalidate haichori, inasema tu kwamba hapa pamechakaa. Windows itakuita kuchora ikishamaliza mambo ya haraka kama kipanya na kibodi, na kama ulisema "pamechakaa" mara tano katika muda huo, itakuita mara moja kwa zote tano. Siku mizani itakapoleta kilo mara 20 kwa sekunde, utanishukuru. Na kama ile namba iliyo chini ya duara ndiyo peke yake iliyobadilika, InvalidateRect inakuruhusu kutaja mstatili wake tu, yaani kibao cha chaki.

Mshale wako uligeuka kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba y inapanda kwenda juu. Kwenye skrini y inaanzia juu na inakua kwenda chini. Usibahatishe. Hesabu pembe kutoka juu kabisa, kwa mwendo wa saa. Mizani yako ya kilo 100 imeenea nyuzi 270, basi kila kilo ni nyuzi 2.7, na sifuri iko kwenye nyuzi −135. Kilo 50 inaanguka nyuzi 0, wima, ndiyo namba nzuri ya kujipimia. Ncha ya mshale: x ni katikati jumlisha urefu mara sine ya pembe, y ni katikati toa urefu mara kosine. Hiyo "toa" ndiyo uliyoipata kwa kubahatisha. Kumbuka tu kwamba sin na cos za Pascal zinakula radiani, siyo nyuzi.

Mizani yako ninaipenda. Papa ana haki: mtu aliyeuziwa mfuko pungufu mara mbili hawezi kutulizwa na namba ya kijani. Kidude cha namna hiyo hakimo kwenye mfuko wa Lazarus, kwa hiyo kukichora ni kazi halali.

Vitufe lakini, vitupe. Rudisha TButton za kawaida, na kona zake zisizokupendeza. Sababu imeandikwa na mwenzako wa barua ya tatu vizuri kuliko ninavyoweza mimi.

Barua ya pili: mwanafunzi, Kampemba

*Kidude changu nimekichora kwa pikseli, kila kitu kimepimwa. Kwangu kinapendeza. Kwenye laptopu mpya ya mwalimu anayesimamia kazi yangu kinaonekana kama kimefunikwa na ukungu, na nilipobadilisha kitu kwenye mipangilio ya mradi ukungu ukaondoka lakini kila kitu kikawa kidogo kama chawa, na neno "Enregistrer" (hifadhi) limekatwa likabaki "Enregis". Natetea kazi mwisho wa mwezi.*

Mashine yako ina nukta 96 kwa inchi, kipimo cha zamani cha Windows. Laptopu ya mwalimu imewekwa asilimia 150, yaani 144. Programu isiyojitangaza kwamba inajua habari hiyo, Windows inaichora kwa 96 halafu inaivuta picha iwe kubwa, na picha iliyovutwa lazima iwe na ukungu. Ulipobadilisha mpangilio ulijitangaza kwamba unajua. Windows ikakuamini, ikaacha kuvuta, na pikseli zako 20 zikabaki 20 pale ambapo zilitakiwa kuwa 30.

Kwa hiyo kila namba uliyoandika kwa mkono ndani ya Paint, ipitishe kwenye Scale96ToFont kabla ya kuitumia. Kila namba, hata unene wa mstari. Na upana wa kitufe usiuamue wewe, liulize neno: Canvas.TextWidth, halafu uongeze nafasi ya kupumua pande zote mbili. Huku kwetu programu moja inavaa Kifaransa asubuhi na Kiswahili jioni, na "Ghairi" na "Enregistrer" hazivai nguo moja.

Huhitaji laptopu ya mwalimu ili kujaribu. Badilisha asilimia kwenye mashine yako mwenyewe, toka, ingia tena. Jaribu 125 pia, hiyo ndiyo inayofichua mgawanyo mbaya, kwa sababu mstari wa pikseli 1 hauwezi kuwa 1.25.

Barua ya tatu: mama wa kasha (mpokea pesa), Ruashi

*Yaya, mimi si mwandishi wa programu, mimi ninauza dawa. Tangu mwaka jana tuna programu mpya, nzuri kwa macho, vitufe vinang'aa. Juzi kipanya kimekufa, na kwa nusu siku sikuuza hata aspirini moja. Zamani nilikuwa naenda kwa Tab na Entrée bila kuangalia skrini, macho yako kwa mgonjwa. Hii ya sasa nikibonyeza Tab hakuna kinachotokea, au kinatokea bila mimi kukiona. Pia nikiandika bei kwenye pavé numérique, zile namba za pembeni ya kibodi, ile nukta inakataliwa. Patron anasema mimi ndiye sijui kutumia. Je, ni mimi?*

Si wewe, mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ningependa kila kijana anayetaka kuchora vitufe aisome kabla ya kufungua kompyuta. Kitufe cha kawaida cha Windows hakina uzuri wowote, ni mstatili wenye neno. Ndani yake lakini kuna kazi ambayo hakuna anayeiona mpaka siku inapokosekana. Kinajua zamu yake Tab ikipita. Kikipata zamu kinajichorea kimstari cha nukta ili ujue uko wapi. Kinaitika kwa Espace (kitufe cha nafasi). Kikizimwa kinafifia, na kinakataa kweli. Aliyekuchorea vitufe vinavyong'aa alichora mng'ao, hayo mengine akayaacha nje, labda bila kujua kwamba yapo, kwa sababu yeye kipanya chake hakijawahi kufa.

Fanya jaribio hili kipanya kipya kikifika. Chukua programu yoyote ya zamani, bonyeza kitufe na usikiachie. Kitufe kinazama. Ukiwa bado umeshikilia, sogeza mshale nje ya kitufe. Kinainuka. Achia huko nje. Hakuna kilichofanyika. Hiyo ni nafasi ya kutubu: umeshabonyeza "Uza", umekumbuka mgonjwa amesema vidonge kumi na siyo mia, unateleza nje, unaachia, mauzo hayakuandikwa. Kitufe halisi kinatenda kidole kinapoachia, tena kikiachia ndani. Sasa jaribu kwenye hivyo vinavyong'aa. Naweka dau la bukari na samaki kwamba vinatenda papo hapo unapogusa. Kukifanya kitufe kitende hivyo sawasawa, mchoraji lazima akumbuke kipanya kiliposhikwa, aendelee kukifuata hata kikiwa nje ya kitufe, na ajue cha kufanya dirisha jingine likitokea katikati. Kwa mistari ya msimbo, ni nyingi kuliko mng'ao.

Na kuna mtu ambaye hakuniandikia barua. Asiyeona anatumia kompyuta kwa programu inayosoma skrini kwa sauti. NVDA, kwa mfano, ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye yeye mwenyewe haoni. NVDA haiangalii rangi. Inaiuliza Windows: hapa kuna nini? Kitufe cha kawaida kinajibu chenyewe: "Uza, kitufe." Kitufe cha kuchorwa, kama aliyekichora hakuandika majibu yake, kinanyamaza. Kwa asiyeona, lile dirisha linalong'aa ni ukuta mtupu. Ndiyo sababu namwambia kijana wa Katuba avitupe vyake. Ile mizani yake aipe angalau neno la kujibu karibu yake, kilo zilezile kwenye lebo ya kawaida chini ya duara.

Nukta ni hadithi nyingine, na hapo naanza kumkasirikia fundi wenu. Kwenye kibodi ya AZERTY, ile ya Kifaransa, pavé numérique inatoa nukta, na Windows ya Kifaransa inangoja koma. Programu yenye adabu inajua hivyo na inapokea zote mbili. Nina wasiwasi kwamba hata kisanduku cha kuandikia bei amekichora mwenyewe. Jaribu kuandika jina la mgonjwa lenye ë, kama Noël, au kunakili na kubandika, au Ctrl+Z. Ikigoma, ndivyo ilivyo. Wasomaji wangu mnaoandika programu: chora mizani, chora kipimo cha tanki, chora ramani ya viti vya basi. Kisanduku cha maandishi msikiguse. Mimi nilijaribu kimoja ujanani, nikakaa nacho miezi minne, na kishale cha kuandikia kilikuwa bado kinakaa katikati ya herufi m.

Fundi wenu mpelekee mambo haya, kwa mpangilio huu: Tab ipite kote na ionekane ilipo, Espace na Entrée zifanye kazi, kitufe kitende kwenye kuachia, nukta na koma zote zikubaliwe. Akisema ni kazi ya miezi, mwambie arudishe vitufe vya kawaida, ni kazi ya siku mbili. Patron akisema tena ni wewe, mpe ukurasa huu.

Na kabla ya hapo, kipanya kikifa tena mgonjwa akiwa dirishani: shika Alt ya kushoto na Maj (Shift) ya kushoto pamoja, bonyeza Verr Num (Num Lock). Windows itauliza, jibu Oui kwa Entrée. Sasa pavé numérique imekuwa kipanya: 8 inapandisha mshale, 2 inashusha, 4 na 6 ni pembeni, na 5 ndiyo kubonyeza. Unaenda polepole kama kinyonga, lakini aspirini utaiuza. Ukimaliza, bonyeza tena vilevile vitatu pamoja; namba zisiporudi, gusa Verr Num.